Kupima asali ya Tabora kabla ya kununua
Mkuu unauliza kama njiti ya kiberiti iliyochovywa kwenye asali ikiwaka ndiyo asali safi; hapana, kuwaka hakuthibitishi kitu. Pima maji yaliyomo kwa refraktomita (kifaa cha kupimia kiasi cha maji kwenye asali), kiwango cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) ni yasizidi asilimia 20, yakizidi asali inachacha ndani ya ndoo unakuta povu juu na kifuniko kimevimba. Mimi nanunua kwa warina asali wa Sikonge na Urambo, ile sampuli ya kwenye chupa aliyoleta mwenyewe siiangalii maana kashaichagua, nachota juu na chini ya kila ndoo naandika, mzigo mwingine ukija nalinganisha. Mrina ambaye asali yake leo ina maji asilimia 18 kesho 22, huyo mara nyingi anarina masega hayajazibwa nta. Ila sukari iliyochanganywa refraktomita haikuonyeshi, hiyo mpaka maabara.