Kabla ya Kuhesabu Dola za Besiboli, Hesabu Miaka

Jumamosi moja mama mmoja alinifuata uwanjani Upanga, ametoka kushuka daladala, kanga begani. Mwanawe ana miaka 17, yuko kidato cha nne, na hapa kwetu hakuna mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira, mwenye mkono mkali kama wake. Mama hakuzunguka: "Kocha, shikamoo za baadaye. Mchezo huu utamlisha mwanangu?"

Nilimwomba tukae kivulini. Swali hilo nililibeba mimi nikiwa na umri wa kijana wake, na sikumpata wa kunijibu.

Tanzania hakuna ligi ya besiboli inayolipa mshahara. Anayetaka kuishi kwa mchezo huu lazima atoke. Nikamsimulia habari za Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliyekulia kwenye jengo la klabu ya besiboli huko Randburg ambako mama yake alifanya kazi. Klabu ya Marekani, Pittsburgh Pirates, ilimsajili mwaka 2008. Aprili 26, 2017 akacheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu ya Marekani, mtu wa kwanza aliyezaliwa Afrika kufika hapo. Zamu yake ya kwanza ya kupiga, aliyemrushia alikuwa Jon Lester wa Chicago Cubs, na Ngoepe akaupiga mpira, akakimbia akafika kituo cha kwanza kati ya vinne ambavyo mpigaji huvizunguka kupata pointi. Kila nikisimulia hapo mwili unanisisimka.

Lakini mama yule hakusisimka. Alikuwa anahesabu vidole. "2008 mpaka 2017. Miaka yote hiyo anakula nini?"

Hilo ndilo swali ambalo ningependa kila mzazi aulize. Klabu ikishakusajili haikuingizi ligi kuu, inakupeleka ligi ndogo, nako kuna ngazi kadhaa za kupanda, na wengi huishia katikati. Zamani kima cha chini cha ngazi ya mwanzo kilikuwa dola 4,800 kwa mwaka. Mkataba wa wachezaji wa ligi ndogo wa 2023 ulikipandisha hadi dola 19,800, na ngazi ya juu ya ligi ndogo ikawa dola 35,800. Ni riziki, siwezi kuidharau, ila siyo zile mamilioni anazoziona kijana kwenye simu. Hata Ngoepe, baada ya kusubiri kote kule, alicheza mechi 41 tu za ligi kuu. Kwangu mimi ni shujaa. Nataka tu kijana ajue ushujaa ule ulichukua muda gani.

Milango ipo. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers walisajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Kwa hiyo simkatazi mtu kuota. Ninachomwambia ni amalize shule, na akitokea mtu anayeomba hela ili ampeleke kwenye majaribio, amkimbie. Mimi nilimpa mmoja akiba ya mwaka mzima ya kaka yangu, na hadi leo nikikutana na kaka yangu jambo hilo lipo kati yetu.

Na mkono. Hapa ndipo ninapotaka kusikilizwa zaidi. Nikiwa kidato cha tatu nilirusha mechi mbili nzima siku moja, chini ya jua la saa nane. Hakuna aliyehesabu mipira. Usiku kiwiko kilivimba, nikakichua kwa dawa ya moto, nikamficha mama, wiki iliyofuata nikarusha tena. Nilifanya hivyo mwaka mzima nikiamini maumivu ndiyo bidii. Leo siwezi kurusha mpira kutoka mwisho wa uwanja hadi kituo cha kwanza. Marekani upo upasuaji wa kurekebisha ukano wa kiwiko uliochanika, wa kwanza kufanyiwa alikuwa mrushaji Tommy John mwaka 1974, na kupona huchukua mwaka na zaidi. Kijana wa Mbagala ataupata wapi?

Mwongozo wa Wamarekani kwa vijana uko wazi: wa miaka 17 asizidishe mipira 105 kwa siku, na akifikisha 81 apumzike siku 4 kabla ya kurusha tena. Nilimwandikia mama namba hizo nyuma ya daftari la mwanawe. Akaniambia haelewi mchezo wenyewe, haelewi hata kwa nini watu wanakimbia. Nikamwambia kuhesabu hakuhitaji kuelewa.

Jumamosi iliyopita alikaa pembeni ya mstari, kalamu mkononi, anachora vijiti vitano vitano. Tulikuwa tunaongoza kwa pointi moja, na kijana alikuwa anarusha vizuri kuliko siku zote. Nilikuwa nimeshasahau daftari. Mama akasimama.

"Kocha, themanini na moja."

Nikamtoa.