Mwanangu, hujamkana Mungu

Mwanangu,

Meseji yako niliisoma usiku nikanyamaza kwanza, maana ningekujibu palepale ningekujibu vibaya. Umeuliza hivi: profesa anasema ulimwengu una miaka bilioni 13.8, sasa zile siku sita za Mwanzo unazipeleka wapi, na ukikubali hesabu yake si ndo umeshamkana Mungu?

Hujamkana. Nimeanza na hilo usije ukasoma barua yote roho juu.

Hivi unajua aliyeleta hiyo habari ya ulimwengu kuwa na mwanzo alikuwa padri? Mi mwenyewe nilichelewa sana kujua. Georges Lemaître, Mbelgiji, padri Mkatoliki kabisa. Mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unatanuka, galaksi, yaani yale makundi makubwa ya nyota, zinazidi kuachana, Einstein akamwambia hesabu zako ziko sawa ila fizikia yako mbaya mno, jamaa hakukata tamaa, 1931 akasema kama leo vinaachana basi zamani vyote vilikuwa pamoja, kitu kimoja tu, akakiita atomu ya mwanzo. Na kuna wanasayansi walioikataa kwa sababu waliona inanuka dini! Hata jina ambalo nadharia hiyo inaitwa leo, Mlipuko Mkuu (Big Bang), lilitoka kwa Fred Hoyle, mwanasayansi Mwingereza aliyekuwa haikubali kabisa, alilisema redioni mwaka 1949.

Ila kilichonigusa mimi ni cha baadaye. 1951 Papa Pius wa 12 akahutubia, akasema ni kama sayansi sasa imeshuhudia ile "iwe nuru". Mtu ungetegemea padri wetu ashangilie si ndio? Wala. Hakupendezwa, kwake yeye ile nadharia ilikuwa nje ya mambo ya dini, anayeamini asiifanye ushahidi wake na asiyeamini vilevile.

Nilivosoma hapo nilijiona mimi. Enzi zangu nafundisha watoto wa Sunday school nilikuwa na mtindo wangu, chochote ambacho sayansi haijakijibu nasema umeona, hapo ndo Mungu. Siku moja katoto kakauliza, jua liliumbwa siku ya nne, sasa siku tatu za kwanza zilijulikanaje kwamba ni siku? Nilikanyamazisha mwanangu. Mpaka leo inaniuma. Kumbe Mtakatifu Augustino, askofu wa zamani aliyekufa mwaka 430, alishasema zile siku ni vigumu kwetu hata kufikiria zilikuwa za namna gani. Mwaka 430! Darwin kaja kuandika kitabu chake cha mageuzi ya viumbe 1859, kwa hiyo anayekwambia kuzisoma zile siku tofauti ni woga wa kuwaogopa wanasayansi, muulize Augustino alikuwa anamwogopa nani.

Na profesa wako naye, akikwambia miaka bilioni 13.8 msikilize, hiyo kaipima. Akiendelea akasema kwa hiyo Mungu hayupo, hapo kashatoka kwenye vipimo anakuhubiria, ana haki yake kuhubiri kama mimi tu, ila isiandikwe ubaoni kama hesabu. Mi naamini Mungu ndiye aliyesababisha kuwe na chochote badala ya kutokuwa na kitu. Hiyo hainipi jibu la lini wala kwa njia gani, na siihitaji inipe.

Halafu eti wanasayansi wawili, Penzias na Wilson, walioikuta mionzi iliyobaki tangu mwanzo wa ulimwengu, ushahidi kwamba Lemaître alikuwa sahihi, kwanza walidhani antena yao ina hitilafu, wakasafisha mpaka kinyesi cha njiwa! Matokeo yakatangazwa 1965, Lemaître akapewa habari akiwa mgonjwa, mwaka uliofuata akafariki.

Baba yako kwenye hili la siku sita hayuko upande wangu, mtabishana mkionana, usimpandishie sauti. Na mtihani ukiuliza umri wa ulimwengu andika bilioni 13.8, usije ukaniletea sifuri kwa jina la Yesu.

Mama yako