Masista wetu wanafanya kazi parokiani bila mkataba: Sheria za Kanisa zinasemaje?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi ni mtunza hazina wa shirika la kijimbo la masista, yaani lililo chini ya askofu wa jimbo, hapa Tanzania. Masista wetu wanahudumu katika zahanati na shule za awali za parokia kwa posho inayotolewa fedha zinapopatikana, na kila paroko anapohamishwa, makubaliano ya mdomo tuliyokuwa nayo huondoka naye. Tuna masista wazee wanaohitaji matibabu na wanovisi, yaani mabinti wanaojiandaa kuweka nadhiri, wanaohitaji malezi. Tukiuliza, tunakumbushwa nadhiri ya ufukara. Tufanye nini?

JIBU: Milele na milele, Amina. Sista, nianze na nadhiri, kwa kuwa ndiyo inayowafunga watawa wengi midomo. Ufukara humzuia mtawa kujilimbikizia mali. Haumpi yeyote ruhusa ya kumtumikisha bure. Kwa mujibu wa kanuni ya 668 ya Sheria za Kanisa, anachokipata mtawa kwa kazi yake au kwa ajili ya shirika ni mali ya shirika, na kwa kawaida hata pensheni na bima zimo humo. Kwa hiyo sista asipolipwa, wanaopunjwa ni wazee walio kitandani na mabinti walio malezini, na hilo ni jambo zito linalopaswa kutuuma sote tulio viongozi.

Kuhusu makubaliano ya mdomo, kanuni ya 681 inaagiza kwamba kazi ambazo askofu wa jimbo anazikabidhi kwa shirika ziwe na mkataba wa maandishi kati yake na mkuu wa shirika, unaotaja waziwazi kazi yenyewe, masista watakaoifanya na mambo ya fedha. Anayetajwa hapo ni askofu, wala si paroko, na ndiyo maana uhamisho wa paroko haupaswi kutikisa lolote. Mkataba utaje pia makazi, kwa sababu nimeona masista wakipangiwa vituo vya mbali mmoja mmoja, ilhali kanuni ya 665 inawataka watawa waishi pamoja katika nyumba yao.

Hukugusa suala la ardhi, lakini liangalieni mapema. Nyumba nyingi za masista zilijengwa juu ya viwanja vya jimbo, na hati miliki iko kwa wadhamini wa jimbo. Kanuni ya 634 inalitambua shirika kuwa na uwezo wa kumiliki mali kwa jina lake, kwa hiyo mnaweza kuomba hati iwe kwa jina la shirika, na askofu hana sababu ya kuhofia hatua hiyo, maana kanuni ya 638 inalidai shirika la kijimbo kibali chake cha maandishi kabla ya kuuza mali kubwa au kuingia deni zito.

Msiende kwa Baba Askofu na malalamiko. Nendeni na hesabu. Wewe uliye mtunza hazina, andika gharama halisi ya sista mmoja kwa mwaka: chakula, matibabu, nauli, mafungo, masomo, na mchango wake kwa ajili ya wazee na wanovisi. Halmashauri ya shirika iipitishe, kisha Mama Mkuu aiwasilishe pamoja na rasimu ya mkataba wa miaka mitatu, yenye kifungu cha kuupitia upya miezi sita kabla haujaisha.