Albamu mpya imenigombanisha na rafiki yangu

Hujambo shangazi? Mimi na rafiki yangu tunapenda bendi ya Tame Impala tangu sekondari. Likizo zote tulikuwa tukisikiliza albamu yao ya Currents kwa simu moja. Albamu yao ya Deadbeat ilipotoka Oktoba 2025, mimi nilisikia midundo ya kilabu tu. Yeye akasema ni tamu kuliko zote. Nikamwandikia kwenye grupu la WhatsApp kwamba hajawahi kuwa shabiki wa kweli. Sasa hapokei simu zangu. Yeye anafanya kazi Kakamega. Nifanyeje?
Shabiki, Kisumu

Sijambo mwanangu. Wapo watakaokuambia huu ni muziki tu, tafuta shida za maana. Mimi sikuambii hivyo. Sauti iliyokulea tangu shule ikigeuka, inauma, na hulazimiki kuipenda Deadbeat.

Ila hebu kumbuka Currents ilitoka 2015. Kabla yake kulikuwa na Innerspeaker ya 2010 na Lonerism ya 2012, zilizojaa magitaa, na wapo waliozipenda hizo wakanuna walipokuta kwenye Currents sinthesaiza, yaani vinanda vya umeme, zimetawala. Albamu unayoipigania wewe iliwahi kumvunja moyo mtu mwingine. Mbona wewe uliipokea vizuri? Kwa sababu uliikuta hapo, hukuwa na ya zamani ya kuililia.

Tena studioni bendi hiyo ni mtu mmoja, Kevin Parker wa Australia, anayetunga, anayeimba na kupiga vyombo karibu vyote. Wenzake hujiunga naye jukwaani. Safari hii alivutwa na dansi za usiku kucha zinazofanywa porini huko kwao. Hata hapa kwetu, ohangla, muziki wa Waluo, ilikuwa ya ngoma na orutu, ile fidla ya uzi mmoja. Siku hizi kinanda kimeshika usukani, wazee wananung'unika, vijana wanacheza hadi kuche.

Sasa tuje kwa rafiki yako, maana hapo ndipo ninapoumia nawe. Ungesema "mimi sijaipenda," mngebishana mkacheka. Wewe ulimwambia kwamba miaka yote ile, zile likizo, ile simu moja, alikuwa anajifanya. Ukamwambia mbele ya watu. Mwanangu, hayo si maoni kuhusu albamu. Ulimvua nguo.

Usimtumie emoji. Usimtumie wimbo wa kuombea msamaha. Jumamosi panda matatu uende Kakamega. Mjulishe kwa ujumbe mfupi kwamba unakuja, na akisema hayuko tayari, heshimu hilo, umwombe akupangie siku nyingine. Mkikutana sema, "Nilikukosea niliposema hukuwa shabiki." Ishia hapo. Usiongeze "lakini," usianze kueleza kasoro za midundo. Akikufokea, sikiliza, kwa sababu amekaa na maneno yako kifuani muda mrefu.

Akishapoa, mwombe akuchezee wimbo mmoja wa Deadbeat anaoupenda zaidi, na akueleze unamgusa wapi. Usikilize hadi mwisho bila kusema neno. Naamini utasikia kitu ambacho hukukisikia ulipokuwa peke yako na hasira zako. Na usipokisikia, mwambie ukweli kwa upole. Anaweza kuvumilia kwamba hupendi anachokipenda.

Ukirudi Kisumu, andika msamaha huo kwenye grupu pia, kwa jina lako, ili wote waliosoma lile la kwanza wausome.