Baba anasema siasa haisomewi

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa Mombasa, niko mwaka wa pili katika chuo kidogo cha sanaa huria (unasoma masomo mbalimbali kwanza, kisha unachagua moja) huko Ohio, Marekani. Kabla muhula haujaisha natakiwa kutaja somo langu kuu. Moyo uko kwenye sayansi ya siasa, lakini baba anasema siasa haisomewi, hupigwa majukwaani, nisome uchumi. Na hata nikichagua siasa, ndani yake kuna michepuo minne. Nifuate upi?
– Wa Njia Panda

JIBU: Marahaba mwanangu. Baba yako simlaumu. Siasa tuliyoizoea ni ile ya barazani na ya lori lenye vipaza sauti. Lakini Mombasa hiyo hiyo ndiko alikozaliwa Profesa Ali Mazrui mwaka 1933, na ni somo hili alilolifundisha Makerere hadi akaongoza idara yake.

Nikupe nililoliona mwenyewe. Baada ya uchaguzi wa Agosti 9, 2022, tume ya uchaguzi iliweka kwenye tovuti yake Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya kura za rais, fomu moja kwa kila kituo, na vituo vilikuwa 46,229. Sebuleni kwangu Kisauni walikaa vijana watatu na kompyuta moja. Wawili walibishana mpaka chai ikapoa. Wa tatu, binti wa jirani aliyekuwa akisoma sayansi ya siasa, alishika kalamu. Kila fomu alianza na idadi ya waliojiandikisha, akashuka kwenye kura halali, kisha zilizokataliwa, akajumlisha aone kama zimezidi. Fomu moja ilikosa saini ya wakala. Wenzake wakapaza sauti. Yeye akaandika jina la kituo kwenye daftari, akawaambia kukosa saini peke yake hakubatilishi matokeo, akafungua fomu inayofuata. Usiku ule ndipo nilipoelewa somo hili linafundisha nini.

Kwa hiyo michepuo: siasa za Marekani, siasa linganishi, uhusiano wa kimataifa na nadharia ya siasa. Vijana wetu wengi hukimbilia uhusiano wa kimataifa kwa kuota ubalozi. Mimi ningekutuma kwenye siasa linganishi. Huko utaweka Kenya, Ghana na India mezani na kuuliza kwa nini mahakama ya huku iliweza kufuta uchaguzi wa rais mwaka 2017 na za kwingine nyingi hazijathubutu. Swali hilo wewe umelelewa nalo nyumbani. Ila mchepuo wowote utakaoshika, chukua darasa la takwimu na la mbinu za utafiti mapema, mwaka huu huu. Naona wengi wanalisukuma hadi mwaka wa nne, na linawaumiza.

Baba ana hoja moja nzito ambayo pengine hajaijua. Ukiwa na viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni Marekani, ruhusa ya kufanya kazi baada ya kuhitimu ni miezi 12. Waliosoma sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati wanaweza kuomba nyongeza ya miezi 24. Sayansi ya siasa kwa kawaida haimo. Uchumi nao unategemea chuo kimeusajili vipi: ukisajiliwa kama ekonometria, yaani uchumi wa hesabu na takwimu, umo. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni uulize namba ya usajili ya kila somo kabla hujatia saini popote. Ikiwa uchumi wa chuoni kwenu umo, fikiria kuyabeba yote mawili, maana madarasa ya takwimu mara nyingi huhesabiwa pande zote.

Na kama unawaza uwakili baadaye, usikutie hofu. Huko Marekani sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza, na vyuo vya sheria havidai somo kuu fulani.

Kuhusu baba, usibishane naye kwenye simu. Agosti 2027 akienda kupiga kura, mwombe arudi kituoni matokeo yakishabandikwa mlangoni, aipige picha fomu ile na kukutumia. Mjumlishe pamoja, mstari kwa mstari.