Linda giza la mmea wako

Poinsetia, mmea wa mapambo ya Krismasi ambao majani yake ya juu hugeuka mekundu, ikigoma kuwa nyekundu, wengi huiongezea mbolea. Mara nyingi haina njaa. Usiku wake unakatwa na taa ya sebuleni au ya barabarani.

Mwaka 1920 Garner na Allard, watafiti wa Idara ya Kilimo ya Marekani, walieleza jinsi tumbaku ya Maryland Mammoth inavyosubiri siku fupi ndipo ichanue. Mwaka 1938 Hamner na Bonner wakaonyesha kwa gugu la Xanthium kwamba kipimo hasa ni giza: mwanga mfupi katikati ya usiku mrefu ulizuia maua, lakini giza fupi lililoingizwa mchana halikubadili kitu. Jani ndilo linalopima, kwa kemikali iitwayo fitokromu, ambayo huamshwa hasa na mwanga mwekundu.

Kwa hiyo poinsetia ipe giza la saa 14 kila usiku, tuseme kuanzia saa 11 jioni hadi saa 1 asubuhi, kwa wiki 8 hadi 10. Mchana iweke penye mwanga mwingi. Boksi zito au turubai jeusi vinatosha, ila vijaribu kwanza: ingiza kichwa ndani mchana, subiri macho yazoee, kisha ziba kila kitobo kinachong'aa. Usiruke usiku hata mmoja. Kosa jingine ni kufunika mapema jua likiwa bado kali. Joto hupanda ndani na maua huchelewa hata kama giza ni kamili.

Krisanthemumu nayo huchanua usiku ukiwa mrefu, lakini mkulima wa maua ya kukata huanza kwa kuizuia. Bila taa, miche huweka matumba ingali mifupi na shina halifai kuuzwa. Washa taa saa 4 usiku hadi saa 8 usiku, mwanga usipungue laksi 100 (laksi ni kipimo cha mwanga) juu ya majani. Pima kwenye kona yenye giza kuliko zote, katikati ya taa mbili, maana hapo ndipo mimea inapochanua kabla ya wenzake. Kupunguza umeme, ziwashe dakika 6 katika kila 30 kwa muda huohuo. Taa za rangi ya bluu pekee hazifai kazi hii.

Zima taa kabla shina halijafika urefu unaoutaka, kwa kuwa litaendelea kurefuka. Kuanzia hapo maua huchukua wiki 7 hadi 10, kutegemea aina.

Spinachi ni kinyume: usiku mfupi huifanya itoe shina la maua na majani kuharibika, hivyo usiiweke karibu na taa hizo. Nyanya nyingi hazijali urefu wa usiku. Zikikosa maua, angalia joto, mwanga wa mchana na naitrojeni iliyozidi.