Jibu: Nzi wanaouma ng'ombe miguuni

Ndugu, unasema ng'ombe wanapigapiga miguu mchana kutwa, maziwa yamepungua, na kuogesha kwa dawa hakusaidii. Mimi nalishuku lile rundo la mabaki ya mananasi uliyotaja, nyuma ya banda.

Huyo anayeuma ni nzi wa mazizi (Stomoxys), si nzi wa nyumbani, ingawa wanafanana. Mtazame mdomo: umechomoza mbele kama sindano. Dume na jike wote hunyonya damu, wakishiba wanakwenda kutua ukutani. Ndiyo maana dawa ya mwilini inawapata kidogo tu. Tena dawa ya miguuni hukauka na kufutika upesi.

Mayai hutagwa kwenye majani na maganda yanayooza yakiwa na unyevu, hasa yakichanganyika na samadi na mkojo. Kwenye joto, wiki mbili au tatu zinatosha kupata nzi kamili. Huko Costa Rica, mabaki ya mashamba ya mananasi yamewatesa wafugaji kwa miaka mingi.

Kwa hiyo tandaza mabaki membamba juani yakauke kabisa. Ukitaka mboji, funika kwa turubai na uigeuze mara kwa mara ipate joto. Kingo za rundo zenye ubaridi ndizo nzi wanazozipenda. Pia zoa pumba na majani yaliyolowa chini ya hori, watu wengi husahau hapo.